Saini Haizuii Chuma Kuanguka

Nilikuwa Kiwayu. Kwa wale wa bara ambao hawajafika, Kiwayu ni kisiwa chembamba kaskazini kabisa mwa visiwa vya Lamu, ndani ya hifadhi ya bahari ya Kiunga. Ukisonga mbele kidogo waingia Somalia. Usiku hakuna taa za mji za kuliharibu giza. Ukilala chali mchangani wazihesabu nyota mpaka usingizi ukuchukue.

Tulikuwa tumekaa ufukweni baada ya isha, mimi na ami yangu ambaye ni mvuvi. Ikapita nukta moja ya mwanga mkali. Haipepesi, haina mlio, inakwenda zake tu. Simu yangu ina programu inayoonyesha njia za setilaiti, basi nikaona hapa ndipo pa kujigamba.

"Ami, kile ni kituo cha kimataifa cha anga za juu."

"Na watu wamo?"

"Wamo. Tena kuna waliowahi kwenda kule kwa kulipa nauli, kama watalii."

Akanyamaza. Nilidhani ataniuliza nauli ni kiasi gani, maana hilo ndilo swali la kila mtu. Yeye akaniuliza: "Na kikivunjika, chaangukia wapi?"

Nikababaika. Mimi ni mtengenezaji wa programu za kompyuta, habari za roketi nazisoma kila wiki, na sikuwa na jibu la maana la kumpa mzee anayejua kuvua tu. Nimerudi mjini na swali lake, na kila nikisoma habari za utalii wa anga za juu naona jinsi lisivyoulizwa. Wanauliza nani kaenda, kalipa ngapi, kaona nini dirishani. Wakigusia usalama, wanauliza kama abiria ameshaambiwa hatari. Ameambiwa, ametia saini, basi yameisha.

Mimi nasema hayajaisha. Saini ya abiria si usalama. Ni karatasi ya kuilinda kampuni. Na kadiri tunavyoendelea kuiita usalama, ndivyo tunavyowasahau watu wasiotia saini popote: mafundi, marubani, na kila anayeishi chini ya njia ya roketi.

Kwanza niwape haki yao

Sitaki kusema hakuna maendeleo. Yapo. Aprili 2001 Mmarekani Dennis Tito alipanda chombo cha Kirusi cha Soyuz, nauli ikitajwa kuwa dola milioni 20. Mwaka mmoja baadaye, Aprili 2002, akafuata Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, raia wa kwanza wa nchi ya Kiafrika kufika huko. Huyu ni mwenzetu, mtu wa programu. Pesa alizipata kwenye programu za usalama wa mtandao, na alipokwisha kurudi duniani akaanzisha Ubuntu. Wengi wetu tuliojifunza Linux miaka ile tunakumbuka sidii za Ubuntu zilizokuja kwa posta bila malipo. Nitamrudia hapo chini.

Halafu likaja wimbi la pili. Julai 2021 Richard Branson alipanda chombo cha kampuni yake, Virgin Galactic, na siku tisa baadaye Jeff Bezos akapanda New Shepard ya Blue Origin. Agosti 2022 Sara Sabry wa Misri alipanda New Shepard akawa mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kufika anga za juu. Mei 2024 akapanda Ed Dwight, Mmarekani mweusi aliyeandaliwa kuwa mwanaanga mwanzoni mwa miaka ya 1960 kisha akanyimwa nafasi. Alifika huko akiwa na miaka 90. Nilipoona picha zake akishuka nilifurahi kama vile ni babu yangu. Septemba 2024, katika safari ya Polaris Dawn, watu wa safari binafsi walitoka nje ya chombo wakiwa angani, jambo ambalo hapo awali lilikuwa la wanaanga wa serikali peke yao.

Lakini hesabu na ahadi pia. Mwaka 2004 Virgin Galactic iliahidi safari za abiria kufikia 2007. Abiria wa kwanza waliolipa walipanda 2023, na chombo chenyewe, Unity, kikastaafishwa Juni 2024. Tajiri wa Kijapani Yusaku Maezawa alitangaza 2018 kwamba angezunguka mwezi na wasanii mwaka 2023. Juni 2024 akaifuta safari. Sisi watu wa programu tunazijua ahadi za namna hii: tangazo leo, bidhaa majaaliwa. Ajabu ni kwamba programu ikichelewa tunamcheka aliyeitangaza, lakini roketi ikichelewa tunampigia makofi kwa kuthubutu. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Kitufe cha "Nakubali"

Mnajua ninyi nyote jinsi programu inavyowekwa kwenye kompyuta. Linakuja dirisha lenye maandishi marefu kama msafara wa siafu, chini yake kitufe: Nakubali. Nani husoma? Hakuna. Wanaoyaandika wanajua hakuna anayesoma. Maandishi yale kazi yake ni moja: siku faili zako zikipotea, usiwe na pa kushtaki.

Utalii wa anga za juu umejengwa juu ya kitufe hicho hicho. Sheria ya Marekani ya 2004 iliizuia FAA, idara inayosimamia usafiri wa anga, kutunga kanuni za kumlinda abiria ndani ya chombo cha namna hii, isipokuwa baada ya kifo, jeraha kubwa, au tukio lililokaribia hapo. Kampuni inatakiwa imwambie abiria kwa maandishi kwamba serikali haijathibitisha chombo hicho kuwa salama kubeba watu. Abiria anatia saini, anapanda. Kipindi hicho kilipangwa kiwe cha miaka minane. Kimeongezwa mara kadhaa, na mwaka 2024 Bunge la Marekani likakisogeza tena hadi mwanzo wa 2028. Wanakiita kipindi cha kujifunza. Mwanafunzi anayekaa darasa moja zaidi ya miaka 20, huku kwetu tungemwita mzazi wake shuleni.

Msiniambie saini humfanya mtu kuwa salama. Juni 2023 nyambizi ya Titan ilibanwa na bahari ikielekea mabaki ya meli ya Titanic, wakafa watu watano, mmoja wao mkuu wa kampuni. Kampuni ile iliwatilisha abiria saini. Chombo hakikuwa kimekaguliwa na taasisi yoyote huru. Agosti 2025 walinzi wa pwani wa Marekani walitoa ripoti yao wakasema ajali ile ingeweza kuzuiwa. Bahari haikusoma ile karatasi.

Wanne waliokufa

Sasa jambo ambalo halisemwi kwa sauti. Katika kukijenga na kukijaribu chombo cha watalii cha SpaceShipTwo wamekufa watu wanne. Hakuna hata mmoja aliyekuwa mtalii.

Julai 2007 huko Mojave, California, mafundi wa Scaled Composites, kampuni iliyokuwa ikikitengeneza chombo hicho, walikuwa wakijaribu mtiririko wa gesi ya injini. Tangi likalipuka. Watatu wakafa, watatu wakajeruhiwa. Hawakuwa angani. Walikuwa kazini, chini, miguu ikiwa ardhini.

Tarehe 31 Oktoba 2014 chombo chenyewe kilikatika vipande angani katika safari ya majaribio. Rubani msaidizi Michael Alsbury alikufa. Rubani mwenzake alijikuta nje ya chombo, parachuti ikafunguka, akapona na majeraha.

Ajali hii kila mtengenezaji wa programu angepaswa kuisoma. Chombo kile kilikuwa na mkia unaokunjwa ili kupunguza kasi wakati wa kurudi. Mkia ulifungwa kwa kufuli, na kufuli lilitakiwa lifunguliwe chombo kikiwa kimefikia kasi ya mara 1.4 ya sauti. Alsbury alilifungua mapema, muda mfupi baada ya 0.8. Nguvu ya hewa ikausukuma mkia, chombo kikapasuka.

Mtu wa haraka atasema: kosa la rubani. Bodi ya uchunguzi ya Marekani, NTSB, haikuishia hapo. Ripoti yake ya 2015 ilisema tatizo la msingi ni kwamba waliokitengeneza hawakufikiria wala kuzuia uwezekano wa kosa moja la mtu mmoja kuleta maangamizi. Kwa lugha yetu: hawakukagua kinachoingizwa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akiandika fomu ya kuuliza umri, na fomu ikakubali "-5", mwalimu anamrudishia kazi. Hapa kuna wenzo wenye uwezo wa kuua watu, na chombo hakiulizi hata: kasi imefika? Baada ya ajali ndipo kizuizi cha kulizuia kufuli kufunguliwa mapema kikawekwa. Kumbe kiliwezekana.

Na kuna baya zaidi. Kanuni za kibali cha majaribio zilitaka kampuni ichambue hatari zinazotokana na makosa ya binadamu na makosa ya programu. Uchambuzi uliowasilishwa haukuzitosheleza. FAA ikafanya nini? Ikalisamehe sharti lenyewe. Unaona? Mwenye kulinda mlango aliona ufunguo haupo, akaung'oa mlango.

Kwetu tuna msemo, ajali haina kinga. Huusikia matatu ikipinduka, mashua ikizama, jengo likiporomoka. Msemo huu ni wa kumfariji aliyefiwa. Si wa kumpa mwenye chombo. Ajali ya Mojave ilikuwa na kinga, na kinga yenyewe ilikuwa kizuizi kimoja kwenye wenzo mmoja.

Hesabu ndogo

Mashabiki watanijibu: mbona safari baada ya safari abiria wanarudi salama? Sawa, tupige hesabu. Ukijaribu kitu mara 30 na kisishindwe hata mara moja, unachoweza kudai kwa uhakika wa asilimia 95 ni kwamba uwezekano wa kushindwa hauzidi takriban 1 kati ya 10. Hicho tu. Si moja kati ya milioni. Anayetumia safari chache zilizofaulu kama ushahidi wa usalama ni sawa na mtu aliyejaribu programu yake kwenye kompyuta yake mwenyewe kisha akatangaza haina hitilafu.

Historia imeshatufunza hili kwa damu. Vyombo vya Space Shuttle viliruka mara 24 vikarudi. Mara ya 25, Januari 1986, Challenger ikalipuka na watu saba, mmoja wao mwalimu wa shule. Mwanafizikia Richard Feynman alipochunguza alikuta wakubwa wa NASA wakikadiria hatari kuwa 1 kati ya 100,000, ilhali wahandisi wao waliikadiria karibu na 1 kati ya 100. Mpaka programu ile inafungwa mwaka 2011, safari 135, vyombo viwili vimepotea, watu 14 wamekufa. Hesabu ya wahandisi ndiyo iliyokaribia ukweli. Wenye mikono yenye mafuta ya mashine waliujua, wenye tai hawakutaka kuusikia.

Orodha ya hitilafu iko wapi?

Naijua hoja ya upande wa pili, na si ya kipumbavu. Wanasema kanuni zikiwekwa mapema mno zitagandisha miundo ambayo bado haijakomaa. Ndege nazo zilijifunza kwa kuruka. Acheni tujifunze kwanza.

Nakubali, tena kwa mikono miwili. Ila kujifunza kuna sharti lake: kinachogunduliwa kisemwe. Ndege zimekuwa salama kwa sababu ajali ya shirika moja huchunguzwa hadharani na mashirika mengine yote yakasoma ripoti. Hebu tuone hawa wanajifunzaje.

Julai 2021 safari ya Branson ilirushwa moja kwa moja duniani kote, vicheko, champeni, kila kitu shwari. Septemba ndipo jarida la The New Yorker lilipoeleza kwamba taa za tahadhari ziliwaka ndani ya chombo na kwamba kilitoka nje ya anga kilichoruhusiwa. FAA ilithibitisha: dakika 1 na sekunde 41. Chombo kikazuiwa kuruka mpaka uchunguzi umalizike. Umma uliokuwa ukitazama moja kwa moja ulikuja kuambiwa na mwandishi wa habari, si na kampuni.

Sasa turudi kwa Shuttleworth. Alifanya mazoezi Urusi kwa miezi mingi, akajifunza Kirusi, kabla ya kupanda. Alipoanzisha Ubuntu akaweka orodha ya hitilafu wazi, kila mtu aione, hata mwanafunzi wa Mombasa mwenye kompyuta ya mtumba. Hitilafu namba moja aliiandika mwenyewe mwaka 2004: Microsoft kutawala soko. Ilikuwa na utani ndani yake, lakini orodha haikuwa utani. Kila kilichovunjika kiliandikwa, kikapewa namba, kikajadiliwa, kikafungwa. Programu huria zimeishi kwa tabia hiyo. Abiria wa New Shepard walipewa mafunzo ya siku mbili. Sioni ubaya wa siku mbili peke yake, chombo kinajiendesha chenyewe na safari ni ya dakika kumi na kidogo. Ubaya ni kwamba abiria hana orodha ya hitilafu ya kuisoma siku ya tatu. Kukubali bila kujua si kukubali. Ni kubofya.

Kiwayu na biashara ya watu wachache

Hoja yao ya mwisho ni ya pesa: kanuni zitaua biashara hii changa. Hapo ndipo ninapowaomba waje Kiwayu, nitawaonyesha kinachoua biashara.

Bara, ng'ambo ya kisiwa, palikuwa na hoteli ya kifahari ya makuti, inayojulikana duniani kwa ajili ya upweke wake. Wageni wachache, bei kubwa, hakuna makelele. Huo ndio utalii wa anga za juu ulivyo: wageni wachache, bei kubwa. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Septemba 2011 watu wenye silaha waliingia. Wageni waliokuwapo usiku ule walikuwa wawili tu, mume na mke kutoka Uingereza. Mume aliuawa, mke akapelekwa Somalia na kushikiliwa mpaka Machi 2012. Tarehe 1 Oktoba mwanamke Mfaransa akatekwa Manda, hakurudi hai. Katikati ya Oktoba jeshi la Kenya likaingia Somalia.

Silinganishi maharamia na mhandisi aliyekosea. Nalinganisha kilichofuata. Serikali za Ulaya ziliwaonya raia wao wasije. Waliokuwa na hatia ni wachache, waliolipa ni wengi: wenye mashua, wapishi, wafuma makuti, wauza kamba na samaki. Wavuvi wa Lamu walizuiwa kuvua usiku kwa miaka kadhaa, na mvuvi asiyevua usiku ni nusu mvuvi. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuulizwa kama anakubali hatari ya kuishi karibu na hoteli ile.

Biashara inayotegemea wageni wachache wenye pesa huuzwa kwa kuaminika. Imani ikivunjika usiku mmoja, haitengenezwi kwa matangazo ya miaka kumi. Basi kampuni za roketi zinapoomba ziachwe bila kanuni mpaka zitakapokomaa, zinaomba kitu kitakachozimaliza zenyewe siku chombo chenye watalii sita kitakaposhindwa kurudi. Na siku hiyo watakaofukuzwa kazi kwanza hawatakuwa Branson wala Bezos.

Chini ya njia ya roketi

Sasa nimjibu ami.

Vyombo vinavyopanda na kushuka kwa dakika chache havimhusu. Vikiharibika vitaangukia jangwa walilorushiwa, Texas au New Mexico. Vinavyozunguka dunia ndivyo vyenye habari yake. Januari 2024 chombo cha Dragon kilibeba safari ya kibiashara ya kampuni ya Axiom kwenda kile kituo tulichokiona. Kabla ya kurudi, Dragon wakati ule ilikuwa ikiacha sehemu yake ya nyuma angani. Sehemu ile ilianguka yenyewe, na miezi michache baadaye mkulima wa Saskatchewan, Kanada, akakuta vipande vyake shambani. Kilichofuata kinafundisha: kampuni ya SpaceX ilibadilisha utaratibu, na kuanzia 2025 vyombo vya Dragon vikawa vinatua upande wa Pasifiki, ili sehemu ile iangushwe kwa mpango baharini. Safari ya watalii ya Fram2, Aprili 2025, ndiyo iliyoanza. Narudia neno langu la Mojave: kumbe iliwezekana.

Na sisi? Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye kipenyo cha takriban mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka kijijini Mukuku, kaunti ya Makueni. Shirika la Anga za Juu la Kenya likasema kwa uchunguzi wa awali kwamba ni pete ya roketi. Sisemi ilitoka kwenye safari ya watalii, hakuna ushahidi huo. Nasema chuma hakiandikwi shughuli. Kikiwa kilibeba setilaiti au bilionea, uzito wake juu ya paa ni ule ule. Mkataba wa kimataifa wa 1972, ambao Kenya imo, unasema nchi iliyorusha inawajibika kwa madhara yanayotokea ardhini. Vizuri. Lakini mwanakijiji wa Makueni atathibitishaje pete ni ya nani?

Jambo hili litazidi kutukaribia, maana Kenya yenyewe ina ndoto ya kurusha. Si ndoto ya bure. Karibu na Ngomeni, kusini mwa Lamu, Waitaliano walirusha setilaiti kutoka jukwaa la San Marco baharini kuanzia 1967 hadi 1988. Setilaiti ya Uhuru iliondoka pale tarehe 12 Desemba 1970 na ikapewa jina la siku yetu. Ikweta inasaidia: dunia yenyewe inakusukuma mashariki kwa zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa, na mbele yako kuna bahari tu.

Bahari tu. Hayo ndiyo maneno yanayonikera. Kwenye ramani ya mhandisi bahari ni rangi ya samawati isiyo na mtu. Kwenye bahari hiyo hiyo wamo wavuvi wa Ngomeni, wa Kizingitini, wa Kiwayu. Lamu tayari tunajua maana ya kupangiwa bahari bila kuulizwa. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya bandari mpya, baada ya kuona haki zao zilivunjwa. Waliambiwa nini kabla ya mashine kuanza kuchimba? Ndiyo maana walikwenda mahakamani.

Ninachotaka

Sitaki utalii huu upigwe marufuku. Nikipewa tiketi leo nitapanda, na mama yangu atalia. Nataka mambo manne.

Moja, kipindi cha kujifunza kisiongezwe tena baada ya mwanzo wa 2028. Miaka 23 inatosha.

Mbili, kila kampuni inayouza tiketi iweke hadharani orodha ya hitilafu na matukio yaliyokaribia kuwa ajali, kama ndege, kama programu huria. Bila orodha, saini ya abiria ihesabiwe kuwa batili.

Tatu, kila kipande kikubwa kinachopanda kiwe na mpango wa kushuka kabla ya kupewa kibali, na kiwe na alama itakayosomeka hata baada ya kuungua, ili mwanakijiji ajue wa kumdai.

Nne, na hii ni yetu: sheria yoyote ya anga za juu itakayopitishwa Kenya iwaweke wavuvi na wanavijiji mezani kabla ya roketi, si baada. Wapewe ratiba, walipwe siku wanazozuiwa kutoka, na wawe na haki ya kukataa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa baharini haujengeki.

Shuttleworth alikiita kitu chake Ubuntu, yaani utu: mtu ni mtu kwa ajili ya watu. Kati ya wote waliopanda kwa nauli, yeye ndiye aliyetupa neno la kuipimia biashara hii. Chombo kinachomjali aliyelipa peke yake hakina utu, hata kingefika Mirihi.

Ami nimempigia simu nikamweleza haya yote: Kanada, Makueni, mkataba wa 1972. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kwa hiyo hawajui chaangukia wapi."

Nikamwambia, wanajua, ami. Wanajua wakilazimishwa kujua.